Jino la Baba Pacha Lilipohama

Mlio ulitoka chooni. Haukuwa mlio wa maji, wala wa mtu mwenye tumbo la kuendesha. Ulikuwa kama mlio wa nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo, unapanda, unashuka, unapanda tena kwa mpango. Mama Pacha akaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, akatega sikio. Akaweka mkasi juu ya sare aliyokuwa akiipinda, akaenda akasimama mbele ya mlango wa choo, mikono kiunoni.

"Baba Pacha."

Nyuki akanyamaza.

"Baba Pacha, unafanya nini humo?"

"Mtu anafanya nini chooni, mke wangu?"

"Nauliza kwa sababu choo chako siku hizi kinaimba."

Maji yakavutwa kwa nguvu, maji ya kujitetea, na mumewe akatoka anatazama dari kana kwamba kuna kazi ya rangi anaikagua. Mfuko wa suruali umevimba.

"Toa."

"Nini?"

"Hicho kilichokuvimba kama jipu."

Akatoa. Kilikuwa kidomo cha tarumbeta, kile kikombe kidogo cha chuma kinachochomekwa kichwani mwa tarumbeta, ambapo mpigaji huweka midomo. Ukikipuliza peke yake, bila tarumbeta, hulia hivyo hivyo kama mdudu mwenye hasira.

"Daktari wa meno alikuambia nini?"

"Alisema nisipige tarumbeta mpaka jino lishike."

"Na hiki?"

"Hiki si tarumbeta. Hiki ni kidomo." Alisema kwa uso wa hakimu anayesoma sheria. "Daktari hakutaja kidomo."

Mama Pacha alimtazama mtu huyu aliyezaa naye pacha wawili, wakakua, wakaoa na kuolewa, wakahamia mbali wakamwachia yeye peke yake huu mzigo. Akataka kusema jambo kubwa, likamkwama. Akasema dogo.

"Kumwambia mtu kama wewe ni kumpigia mbuzi gitaa. Na mbuzi angalau hajifungii chooni."

Tangu akiwa na ndevu za kwanza Baba Pacha alikuwa mpiga tarumbeta. Mchana alikuwa fundi wa kufuli, mtu wa kukarabati vitasa na kuchonga funguo, kazi ya kukaa na kuinama. Lakini jioni na mwisho wa wiki alikuwa tarumbeta la kwanza katika bendi ya shaba, na tarumbeta la kwanza, kwa wasiojua, ndiye anayebeba wimbo wenyewe. Wengine wanamsindikiza tu. Harusi ikipita barabarani, watu hawaulizi ngoma kubwa kapiga nani, wanauliza yule wa tarumbeta ni nani. Jibu la swali hilo lilimlevya Baba Pacha kuliko pombe, naye pombe hakunywa.

Kisa cha jino kilianza na uzembe. Jino la juu, la upande wa kushoto, lile la kutafunia lililo nyuma ya chonge, lilimuuma mwaka mzima akalitibu kwa karafuu na ukaidi. Lilipong'olewa lilikuwa limebaki gofu. Mwanya ulioachwa ukampotezea pumzi, shavu likawa linabonyea ndani akipuliza. Akatengenezewa jino la bandia la kuvaa na kuvua, na katika harusi ya kwanza jino lile likaruka likaingia ndani ya tarumbeta, wimbo ukakatika katikati, bibi harusi akageuka nyuma. Watu wa bendi walicheka mpaka wakakaa chini. Yeye hakucheka. Siku ile ile akasema anataka jino la kupandikiza, lile ambalo skrubu hutiwa ndani ya mfupa wa taya, mfupa ukaishika, kisha jino likajengwa juu yake.

Daktari wa meno waliyemwendea alikuwa mtu wa tabasamu na mikono laini, na kwa kila swali alikuwa na jibu moja. Mama Pacha, aliyekuwa ameketi pembeni na kikapu chake, ndiye aliyempa jina.

"Daktari, mfupa wake unatosha?"

"Haina shida, mama."

"Hii picha uliyopiga inaonyesha kila kitu?"

"Haina shida kabisa."

"Yeye hupiga tarumbeta."

"Asipige kwa miezi mitatu, minne hivi. Haina shida."

Basi akawa Dokta Haina Shida, na kwa jina hilo akaingia nyumbani kwao, akasimuliwa mezani, akalaaniwa jikoni. Skrubu ikatiwa. Baba Pacha akarudi na shavu kama andazi. Na kabla uvimbe haujanywea vizuri, ndiyo hivyo, nyuki akaanza kulia chooni.

Baada ya siku ile ya chooni Mama Pacha alikichukua kidomo akakifungia kabatini. Alisahau kwamba aliyeolewa na fundi kufuli hafungi kitu. Jioni moja akiwa sokoni kununua nyuzi, Baba Pacha alifungua kabati kwa kipande cha waya, akapuliza alivyotaka. Alipuliza noti ndefu ya juu, ile inayofunga wimbo wa kuingilia ukumbini. Alisikia kitu kidogo, kama mtu aliyefinya ganda la yai. Hakumwambia mtu. Akarudisha kidomo mahali pake, akafunga kabati kwa adabu.

Jambo lilijitangaza lenyewe. Wifi yake Mama Pacha, dada mkubwa wa Baba Pacha, alikuwa amekuja kuwatembelea, maana yake alikuwa amekuja kukagua. Wakaketi mezani. Baba Pacha akanywa funda la chai, na chai ikamtoka puani. Ilitoka tundu moja tu, la kushoto, taratibu, ikadondoka kwenye shati.

"Umepaliwa," wifi akatangaza. "Inua mikono juu!"

Akainua mikono. Mama Pacha akawa anamtazama.

"Hakukohoa," alisema. "Aliyepaliwa hukohoa. Kunywa tena."

"Wifi, unataka kumuua ndugu yangu?"

"Kunywa, Baba Pacha."

Akanywa. Chai ikatoka puani tena, tundu lile lile. Mama Pacha akasimama, akamshika kidevu, akamfungua mdomo kama anayekagua mbuzi wa kununua. Pale palipokuwa na kichwa cha skrubu, chuma kidogo kinachong'aa kwenye fizi, palikuwa na tundu jekundu.

"Jino liko wapi?"

"Lipi?"

"Baba Pacha!"

"Sijui," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kweli. "Wallahi sijui limekwenda wapi."

Kesho yake wakawa kwa Dokta Haina Shida. Akachungulia, akachungulia tena, tabasamu likapungua kidogo kisha likarudi kazini. Akasema bila shaka lilitoka usingizini, akalimeza. Vitu hivyo ni vidogo, vinapita vyenyewe. Tundu litajifunga. Akampa dawa ya kusukutua.

"Na chai inayotoka puani?"

"Inatokea, mama. Haina shida."

Wifi aliposikia neno "kumeza" alipata uhai mpya. Alitangaza kwamba haondoki katika nyumba ile mpaka jino litoke, na kwamba lazima lisubiriwe kule linakotokea. Sitaeleza yote yaliyofuata, wengine mnakula. Itoshe kusema kulikuwa na ndoo, kijiti na glavu za mpira, na wifi alisimama mlangoni pa choo kila asubuhi kama askari wa forodha.

"Bado?" anauliza.

"Bado, dada."

"Ule papai."

Akala papai hadi akachukia rangi ya papai. Jino halikutoka. Kilichotoka kilikuwa harufu. Upande wa kushoto wa uso wake ulikuwa mzito, akiinama kuchonga ufunguo alisikia kitu kama maji yanasogea shavuni, na pua ya upande huo ikaanza kutoa usaha wenye uvundo wa soksi iliyosahaulika. Wateja wa vitasa wakawa wanasimama hatua moja nyuma. Wifi akaleta majani ya kujifukiza.

"Haya ni mafua tu, wifi. Unamdekeza mno mumeo."

"Wifi," Mama Pacha akasema, anakata uzi kwa meno, "mafua ya tundu moja umeyaona wapi? Mafua hayabagui."

"Kwetu hatuna watu wagonjwa-wagonjwa."

"Kwenu mna watu wabishi. Ugonjwa ukija unakuta mlango umefungwa, unapitia dirishani."

Akamvalisha mumewe shati safi, akampeleka hospitali kubwa. Aliomba, alisubiri kwenye benchi, alipelekwa dirisha hili akarudishwa dirisha lile, akamwambia karani wa mapokezi maneno ambayo karani yule mpaka leo nadhani anayakumbuka. Mwishowe wakaingia kwa bingwa wa upasuaji wa kinywa, mwanamke mfupi aliyevaa ndala ndani ya chumba cha kazi, asiyekuwa na tabasamu wala maneno ya kupoteza. Akaagiza picha, lakini si ile ya bapa kama ya pasipoti. Hii ni ya mashine inayomzunguka mtu kichwa, ikatoa sura ya mifupa yake pande zote.

Picha ikaja kwenye kioo cha kompyuta. Hata Mama Pacha, ambaye darasa lake liliishia la saba, hakuhitaji kuelezwa. Katikati ya weusi uliokuwa ndani ya mfupa wa shavu, skrubu ilikuwa imelala ubavu, nyeupe pee, kama mtu aliyejilaza kitandani kwa mwenzake.

"Hiyo ndiyo uliyokuwa unaitafuta chooni," Mama Pacha akamwambia mumewe.

Bingwa akaeleza kwa kalamu. Juu ya meno ya nyuma, ndani ya mfupa wa shavu, kila mtu ana chumba kitupu cha hewa, wao wanakiita sainasi. Sakafu ya chumba hicho ndiyo dari ya meno. Jino likishang'olewa muda, mfupa hapo huliwa ukawa mwembamba, na kwa Baba Pacha ulikuwa umebaki mwembamba kama ganda. Skrubu haikuwa na cha kushika. Ilisubiri kusukumwa tu.

"Ni kama kushona kifungo kizito kwenye kitambaa cha pazia," Mama Pacha akasema.

"Ndivyo. Kinachotakiwa ni kupima kwanza kwa picha kama hii. Mfupa ukiwa haba, unaongezwa mfupa, mtu anasubiri, ndipo skrubu inatiwa. Na ukiitia ukaona inazunguka haikazi, unaitoa hapo hapo. Huiachi ukaomba Mungu." Akamgeukia mgonjwa. "Baba, baada ya kupandikizwa ulifanya jambo lolote la kusukuma hewa? Kupenga kamasi kwa nguvu? Kupuliza?"

"Hapana," akasema Baba Pacha, upesi.

Mama Pacha akashusha pumzi ndefu, ile ya mtu anayetua ndoo. "Daktari, huyu ni tarumbeta la kwanza. Alikuwa anapuliza kidomo chooni."

"Kidomo si tarumbeta," akaanza.

"Baba Pacha, nyamaza!"

Bingwa hakucheka. Akaweka kalamu chini. Akasema mambo ambayo Mama Pacha aliyashika yote kwa sababu yalisemwa mara moja tu. Skrubu haiwezi kuachwa humo, imeshaleta usaha, na usaha wa huko uko jirani na jicho. Itatolewa kwa upasuaji. Lakini kutoa ndiyo kazi ndogo. Kazi kubwa ni tundu, maana sasa kuna njia ya wazi kutoka mdomoni hadi puani, nalo litazibwa kwa nyama yake mwenyewe. Likishika, atapuliza tena kama zamani. Akilifumua kabla halijashika, pale patakuwa pamekwishachezewa, kuziba mara ya pili ni kugumu, na kila atakapopuliza pumzi itakuwa inapitia puani.

"Kwa maneno mengine, baba, ukipuliza mapema hutapiga tena tarumbeta maisha yako."

Mtu yule aliyekuwa na jibu kwa kila neno akatia mikono katikati ya magoti, akawa mdogo ghafla ndani ya shati lake safi. Mama Pacha alimwona, na hasira yake ikakosa pa kusimama. Hilo nalo lilimuudhi.

Aliitafutia mahali pengine. Aliichukua picha akaenda kwa Dokta Haina Shida peke yake, akaibandika juu ya meza yake bila salamu. Daktari akaitazama muda mrefu. Mama Pacha alikuwa amejiandaa kwa lile neno, alikuwa na jibu lake tayari ulimini, na neno halikuja.

"Ilikuwa inazunguka," akasema hatimaye. "Nilipokuwa naikaza. Nikajua mfupa ni mwembamba, nikasema labda utaishika."

"Na hukutuambia."

"Nisingependa kumtia hofu mgonjwa."

"Ungemtia hofu angetulia! Wewe ulimpa haina shida, akaenda nayo chooni."

Daktari akainamisha kichwa. Akauliza upasuaji utakuwa lini.

Siku ya upasuaji ikafika. Asubuhi bingwa akaagiza picha nyingine kabla hajashika kisu, Mama Pacha akauliza ya nini na ile ya kwanza ipo. Akaambiwa kitu kilicho kwenye chumba cha hewa hakina adabu, hutembea. Na kweli, picha ilipotoka, skrubu haikuwa pale ilipolala. Ilikuwa imehamia kona ya nyuma, imesimama wima.

"Hata jino lake!" Mama Pacha akapaza sauti, mapokezi yote yakageuka. "Hata jino la mtu huyu haliketi mahali pamoja!"

Alisubiri kwenye korido. Dokta Haina Shida alitokea, akaketi mwisho wa benchi lile lile, kofia mkononi kama mfiwa. Baadaye daktari alimnunulia Mama Pacha chai, naye akaipokea, kwa sababu hasira haizuii kiu. Ndipo daktari akasema kwamba siku hizi yeyote mwenye mfupa haba anamleta kwanza hapa kwa bingwa.

"Vizuri," Mama Pacha akasema. "Ungeanza na wangu."

Bingwa alitoka. Alikuwa amepasua juu ya fizi, ndani ya shavu, akafungua kidirisha kwenye mfupa, akaichomoa skrubu, akasafisha uchafu wote. Kisha akavuta kipande cha mafuta ya ndani ya shavu akaliziba tundu, akafunika kwa fizi, akashona.

"Kiraka chenye bitana," Mama Pacha akasema, na hapo akaridhika kidogo, kwa sababu kiraka anakijua.

Masharti yakatolewa, safari hii yakasemwa yote bila kuacha mwanya wa wakili. Asipenge kamasi. Asinywe kwa mrija. Asivute sigara, ambayo hakuvuta. Chafya ikija aipige mdomo wazi. Asipulize tarumbeta, wala kidomo, wala puto, wala moto wa jiko, wala supu ya moto. "Wala filimbi," Mama Pacha akaongeza. "Wala chupa tupu. Namjua."

Wiki zilizofuata zilimzeesha Mama Pacha. Kidomo alikipeleka kwa jirani, maana kabati lilikuwa mzaha. Baba Pacha akawa anapuliza kwa mawazo. Vidole vilicheza juu ya meza, juu ya goti, juu ya mgongo wa mkewe usiku, wimbo wa kuingilia ukumbini wote mpaka mwisho. Chafya zake, mdomo wazi, zilitoka kama mtu anayemfukuza ng'ombe. Wifi alikuja akasema chafya ya namna ile ni ya aibu kwa mtu wa ukoo wao, azibe.

"Akiziba inapanda juu, wifi."

"Mtu mzima anapiga kelele mbele ya watu!"

"Basi wewe toka nje, watu wapungue."

Na kwa watu wa bendi Baba Pacha alikuwa amesema ana mafua mazito. Hakutaka wajue. Jino lililoruka harusini walikuwa bado wanaliimba, sembuse hili lililopanda juu. Mama Pacha alimwambia mficha maradhi kilio humfichua, akajibiwa kwamba hicho si kilio, ni bendi.

Bendi nayo haikumngoja. Mashindano yalikuwa yanakaribia, na Kiongozi wao, mtu mnene anayepiga tuba, lile baragumu kubwa kuliko yote, akamwagiza Mama Pacha aje ukumbini kupima koti za sare. Ukumbi ulikuwa nyuma ya gereji, una harufu ya oili na viti vya chuma. Baba Pacha akamfuata. Alisema anakwenda kubeba kikapu.

Mama Pacha alikuwa amemzungushia Kiongozi futi ya kitambaa tumboni, futi haifiki, wakati mazungumzo yalipogeuka.

"Mzee," Kiongozi akamwambia Baba Pacha, "leo tunapanga viti. Mafua yako hayaishi. Tukuweke au tumweke fundi baiskeli?"

Fundi baiskeli alikuwa ameketi kiti cha pili, mtu wa makamo, mpole, aliyefundishwa tarumbeta na Baba Pacha mwenyewe. Akatazama sakafu.

"Mimi nipo," Baba Pacha akasema.

"Basi tupigie noti moja. Moja tu, tujue umo."

"Moja tu, mzee!" wengine wakaitikia. "Au jino jingine linaogopa kuruka?"

Kicheko. Mtu akamtia tarumbeta mkononi. Alilipokea jinsi mtu anavyompokea mjukuu, mikono inajua yenyewe pa kushika. Akalamba midomo.

Mama Pacha alisikia pumzi ya Kiongozi ikipanda na kushuka chini ya futi yake. Ulimi ulikuwa tayari. Alikuwa na maneno ya kuwatosha wote mle ndani na masalio ya kupeleka gereji. Hakuyatoa. Alikuwa ameyasema nyumbani mpaka yameota kutu, na shavu halikuwa lake. Akakaza futi tu, Kiongozi akaguna.

Baba Pacha akainua tarumbeta mpaka kwenye midomo. Mashavu yakaanza kujaa. Kisha yakashuka. Akalishusha tarumbeta, akakipangusa kidomo kwa shati.

"Sina mafua," akasema. "Lile jino la kupandikiza lilipanda likaingia ndani ya shavu. Nimepasuliwa. Nina kiraka humu ndani. Nikipuliza leo, kinafumuka, na sipigi tena mpaka naingia kaburini."

Hakuna aliyecheka. Mtu wa ngoma akafungua mdomo, jirani yake akamkanyaga mguu.

"Lilipandaje?" Kiongozi akauliza.

"Nilikuwa nafanya mazoezi ya kidomo. Chooni."

Sasa walicheka, na hakuna wa kuwalaumu. Mpiga shaba yeyote amewahi kujificha na kidomo mahali. Kicheko kilipokwisha, Baba Pacha akamwendea fundi baiskeli, akampa tarumbeta, akamwonyesha kwa kidole kiti cha kwanza.

"Kaa. Ile noti ya juu usiivamie. Unaivamia siku zote."

Njiani Baba Pacha alibeba kikapu upande upande mpaka koti mbili zikaanguka. Mama Pacha alitaka kumwambia neno zuri. Alilitafuta. Walipofika barabara kubwa akasema, "Vuka, usisimame kama nguzo ya simu," na yeye akavuka.

Bendi ilikwenda kwenye mashindano bila yeye, ikashika nafasi ya tatu. Alisikiliza kupitia simu ya mtu, akakunja uso pale penye noti ya juu.

Siku ya ukaguzi bingwa alimwambia abane pua kwa vidole, afungue mdomo, asukume pumzi taratibu ziende puani. Akawasha taa akatazama. Mama Pacha alikuwa amekishika kikapu kama mtu aliyemo kwenye mashua. Bingwa akatafuta povu, akatafuta unyevu, akabonyeza fizi.

"Hakuna linalopita. Pameziba."

Baba Pacha akabaki amebana pua.

"Achia, baba. Pameziba. Unaweza kuanza kupuliza, kidogo kidogo. Na ukitaka tena jino, tutaongeza mfupa kwanza, tusubiri miezi, tupige picha, ndipo tutie."

"Tusubiri nini tena?" Baba Pacha akauliza, na mkewe akamkanyaga.

Lile jino hajalirudia mpaka sasa. Amejifunza kukaza kona ya mdomo upande ule, sauti inatoka tofauti kidogo, nene zaidi, wenye masikio wanasema si mbaya. Bendi ilimpokea, lakini kiti cha kwanza kina mwenyewe, na bendi haina huruma na sheria zake. Aliwekwa nyuma, tarumbeta la tatu, kazi ya kupiga noti mbili na kusubiri, mbili na kusubiri.

Jioni ya mazoezi ya kwanza alirudi akatupa kofia juu ya meza ya kushonea, juu ya kitambaa cha mteja.

"Bado anaivamia! Mama Pacha, ile noti anaivamia kama mtu anayevunja mlango! Nilimwambia aifungue taratibu!"

"Mwambie tena."

"Siwezi. Mimi ni tarumbeta la tatu. La tatu halisemi, linasubiri."

Mama Pacha akaiondoa kofia juu ya kitambaa, akakikung'uta, akakanyaga cherehani. Mumewe akaendelea kulalamika hadi chakula kikaiva, na alipokwisha kula akaendelea, juu ya kiti, juu ya noti, juu ya fundi baiskeli, juu ya Kiongozi na tuba lake. Mkewe akaitikia "ndiyo" na "kweli" mahali panapotakiwa, huku akihesabu kimoyomoyo ni miaka mingapi mtu huzeeka akisikiliza tarumbeta la tatu.